Suruali Fupi Niliyoivaa Lukafu

Mamba,

Tazama, nimeanza hivyo kwa mazoea na tayari nimekosea. Kalamu imeandika kabla kichwa hakijafikiri, vile vile mdomo wangu unavyofanya siku zote. Sifuti. Acha jina libaki hapo juu ulione, maana ndilo nililokuita miaka yote, na sasa kila nikilisikia natamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Ni mimi, Odila, mshonaji wako wa mtaa wa Hewa Bora. Nimekaa barazani, cherehani iko mbele yangu. Umeme umekatika, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina habari na umeme, kwa hiyo sina kisingizio. Sishoni tu. Vitambaa vya watu vimelala kwenye kiti ulichokuwa unakalia ukija kunywa chai yangu na kuisema kwamba ni maji ya mto. Wateja wakiniuliza nguo zao, nawaambia naumwa mgongo.

Nataka nikueleze safari ya Lukafu tangu mwanzo, kwa sababu wewe ndiye uliyeipanga na wewe peke yako ndiye uliyekosekana garini.

Unazikumbuka Jumapili zetu za Bel-Air, uani kwa Zefi, sisi wanne na nyama ya mbuzi juu ya makaa. Zefi na gari lake, jipu analolisifu kuliko watoto wake. Saluma wa vitenge, anayekuja na chai yake ya tangawizi kwenye chupa kwa sababu haamini chai ya mtu yeyote. Mimi na mdomo wangu. Na wewe, Kabulo, mwalimu wa historia, mfupa mkononi, ukitufundisha kama vile tumelipa ada. "Nyinyi bantu ya Lubumbashi munajionaka bakubwa," ulikuwa unasema. "Muji yenu iko mutoto. Mama yake iko Lukafu." Kisha unatueleza boma la Wazungu lililokuwa kule wakati hapa petu palikuwa msitu na vichuguu, na watu waliokuwa wakiyeyusha shaba kabla ya Wazungu hao, wakaimimina iwe misalaba, na misafara iliyotoka mbali kuifuata. Hapo unamgeukia Saluma na kumwambia babu yake alipita huko akiwa na kiatu kimoja. Saluma anakurushia kifuniko cha chupa.

Kila kiangazi ulisema twende. "Twende bote, ningali muzima. Na weye Odila, kule iko neno nitakuambia." Nilikuuliza neno gani, ukasema linasemewa kule, mbele ya Mama Mukubwa wako, dada ya marehemu mama yako, aliyekulea. Nikakucheka. Nikasema mamba ametoroka mtoni anataka kunirudisha huko anile. Na kila kiangazi mimi ndiye niliyeahirisha: mara harusi, mara komunyo, mara sare za shule. Zefi alikuwa tayari siku zote. Saluma alikuwa tayari. Ni mimi.

Mwaka huu ukachoka kungoja, ukaenda peke yako. Kabla hujaondoka uliniachia ile suruali ya kijivu niitie kiraka gotini. Nikakuambia njoo uichukue Jumatatu. Ukapata homa kule kule, na simu ilipomfikia Zefi walikuwa wameshakuzika.

Nililia, Kabulo. Usidhani sikulia. Nililia mpaka majirani wakaniletea maji. Halafu nikanyamaza na kuanza kufikiria kazi yangu, kwa sababu nilijua nina kazi.

Wewe unajua, lakini acha niiandike nione nilivyokuwa nafikiri. Mimi ni mtu wa ukoo wa Samaki. Wewe, nilivyojua, ulikuwa wa Mamba. Mamba humla Samaki, basi wazee wakaamua tangu zamani kwamba Samaki ana ruhusa ya kumtukana Mamba apendavyo, na Mamba naye vivyo hivyo, na hakuna wa kukasirika. Tuko banungwe, watani wa koo. Na mmoja akifa, mtani ndiye anayekuja kilioni kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake na sauti yake, kulala mlangoni mpaka apewe kuku. Watu waliokwisha machozi wanacheka, na kifo kinapungua uzito kidogo. Nilishakuahidi mara nyingi pale Bel-Air: "Mamba, siku yako nitavaa suruali yako." Ulikuwa unacheka, kisha unauliza kama nyama imeiva. Sasa ndio naona kwamba ulikuwa unakimbia maneno.

Tukaondoka alfajiri, sisi watatu. Zefi alisema tusiende kama watu wa msiba tu, twende kama ulivyotaka, tukisimama kila pahali ulipotutajia. Na kweli, ilikuwa safari nzuri. Naona haya kuiandika, lakini ilikuwa nzuri. Lami ilipokwisha Saluma alijifunga kitambaa usoni, akabaki macho tu, na vumbi likaingia hata kwenye mayai tuliyochemsha. Tulisimama pahali pa wayeyusha shaba, tukaokota yale mawe meusi mazito yaliyobaki, na Zefi akatoa hotuba kwa sauti yako mpaka akakwama katikati. Halafu ukuta wa milima ya Kundelungu ukatokea upande wa kulia, mrefu, wa buluu. Mimi nilikuwa na mfuko mapajani. Ndani yake palikuwa na suruali yako, tai ya zamani na kipande cha chaki.

Tulipokaribia kijiji nikamwambia Zefi asimame, nikavaa nyuma ya gari. Saluma aliniangalia. Kwao, familia yake ya Maniema, mgeni wa msiba huingia kimya, hukaa, hupewa maji, husema yeye ni nani. Kwetu pia ni hivyo, Kabulo, kwetu pia. Aliniambia, "Odila, tusalimie kwanza." Nikamjibu kwamba mtani hasalimii, mtani anaingia kama mwizi. Nilikuwa najiona fundi wa kazi hiyo.

Basi nikaingia.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wa kwenu walikuwa wamekaa kwenye mkeka mrefu mbele ya nyumba, na katikati yao, pembeni ya Mama Mukubwa wako, palikuwa na nafasi wazi. Nikasema moyoni, vizuri, wameniachia pa kuchezea. Nikaruka juu ya miguu ya watu nikatua pale pale. Nikatembea mwendo wako, magoti nje, tai begani. Nikaandika hewani na chaki. Nikasema kwa sauti yako, "Watoto, leo tutasoma habari za mamba aliyekufa bila jino hata moja." Nikasema samaki wa mto Lufira wote wamelala usingizi mnono. Nikasema hata mke wako alikimbia akarudi kwao kwa sababu alichoka kukutafunia nyama. Kisha nikajitupa mlangoni nikadai kuku.

Hakucheka mtu. Nilidhani bado hawajanisikia vizuri, nikarudia lile la mke. Dada yako mdogo akajifunika uso kwa kitenge. Nje ya mkeka, karibu na moto, walikaa watu wachache na sufuria waliyoiteka jikoni, na mmoja wao, mzee aliyevaa koti lako la mvua, alikuwa amesimama na mdomo wazi. Akanijia taratibu. Akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliniua, "Mama, weye uko muntu ya ukoo gani?"

Nikajibu nikiwa bado nimelala chini, "Samaki. Nani hajui?"

Akaonyesha mkeka. "Bantu ya Samaki njo aba. Marehemu iko wa kwao. Mamba njo sisi."

Kabulo, nilikuwa nimelala mlangoni pa mama aliyekulea na suruali yako mwilini, na chaki mkononi. Nilikuwa nimemtukana ndugu yangu wa ukoo mmoja, maiti, mbele ya mama zangu. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, na ile suruali fupi ilionyesha vifundo vyangu vya miguu kila hatua. Nikaingia garini nikajifungia. Saluma alikuja akakaa nami, hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Nilimwambia Zefi aturudishe mjini saa hiyo hiyo. Zefi alikataa. Alikuwa na haya yake pia, maana alikuwa amerekodi kwa simu, na kabla mzee hajafungua mdomo alikuwa ameshaituma video kwa watu wa mtaa.

Hapo garini ndipo nilipoikumbuka siku ya kwanza. Niliitafuta kichwani kama sindano iliyoanguka. Ulikuja barazani kwangu, mwalimu mpya mtaani, na hiyo hiyo suruali ya kijivu mkononi. Nilikuwa nimeikata fupi. Kosa lilikuwa langu, chaki yangu, mkasi wangu. Lakini palikuwa na wateja, na mimi sikubali kosa mbele ya wateja. Nikakuambia suruali ni nzima, miguu yako ndiyo iliyozidi. Ukaniomba kwa adabu nirekebishe. Nikamtukana mama yako. Nilisema nini sitaandika, unakijua. Mzee wa nyumba ya pili akasimama, akasema huwezi kumtukana mwalimu hivyo, wewe ni mtoto wa watu gani? Nikajipiga kifua: Samaki. Watu wakakutazama, na niliona kwamba ukijibu neno moja tu nimeisha, hakuna atakayeniletea hata kifungo.

Uliitazama ile suruali mkononi. Kisha ukacheka. "Muache mama aseme. Miye niko muntu ya Mamba. Huyu iko mutani yangu, njo kazi yake kunitukana." Uwanja wote ukacheka nawe. Ukanirudishia suruali, ukasema, "Sasa, Kitoweo, nirefushie."

Sikuirefusha. Nilikuambia mamba hana haja ya suruali ndefu majini. Ukaivaa fupi, miaka yote ile, ukaenda nayo shuleni.

Ungesema ukweli siku ile, kwamba sisi ni ukoo mmoja, ningekuwa mwanamke aliyemtukana mama wa ndugu yake, yaani mama yake mwenyewe. Ukaona bora uwe Mamba. Na ukishakuwa Mamba, utaachaje? Mimi nikaendelea. Mamba kibogoyo. Mwalimu wa chaki iliyolowa. Mke wako alipoondoka, nilisema lile neno la kukutafunia nyama mbele ya Bel-Air nzima, na wewe ukacheka kwa mdomo, ukaenda kugeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Niliona. Nikasema moyoni, ni desturi, anaijua. Nilidhani desturi ndiyo iliyokuwa inaniruhusu. Hakuna desturi iliyoniruhusu. Ni wewe uliyeniruhusu, kila mara upya, na kila mara ilikuuma kama inavyomuuma mtu yeyote.

Asubuhi Mama Mukubwa alikuja garini mwenyewe, na fimbo yake. Sikuweza kumtazama. Alisema, "Kabulo alisema mutakuja kuangalia matofali ya Bazungu. Basi kuyeni muangalie." Tukamfuata, mimi nyuma kabisa, kitenge cha Saluma kichwani. Boma lako lile ulilotuhubiria, Kabulo, ni kuta za kufika magotini na nyasi. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama juu ya ukuta. Zefi hakupiga picha. Mama Mukubwa alitueleza nani alikaa wapi, akasema mwenyewe hajui kama ni kweli, ni wewe uliyekuwa unamwambia.

Kisha akakaa juu ya tofali na kuniita nikae karibu. Nilikaa chini, kwenye majani. Nikamwomba radhi. Nilimweleza yote, suruali, mzee wa nyumba ya pili, yote. Alisikiliza akichora ardhi kwa fimbo. Akasema hakujua habari za Mamba. Akacheka kidogo, akasema ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo, akivunja chungu mwenzako ulikuwa unasema ni wewe. Lakini mimi alikuwa ananijua. Kila ukienda ulimwambia kuna dada yako mjini, mtu wa Samaki, mshonaji, mdomo mkali, na utamleta. Safari ya mwisho, homa ikiwa imeshakushika, ulimwambia nikifika wanikalishe karibu naye.

"Tulikuachia nafasi kwenye mukeka," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kila mwenye kutaka kukaa pale, tunamwambia hapana, iko ya dada yake wa Lubumbashi."

Ile nafasi niliyoruka nikatua, Kabulo. Nilicheza juu yake.

Sikulia hapo. Haya ilikuwa imekausha kila kitu. Mama Mukubwa alinisimamisha, akasema turudi tukale, na alinilisha bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja na dada yako mdogo, ambaye hakunitazama lakini hakuvuta sahani. Wale wa Mamba waliniangalia kwa mbali wakinong'ona. Mzee wa koti la mvua alitaka kusema kitu, Mama Mukubwa akamwinulia fimbo, akamwambia bado. Tukaaga mchana. Alisema siku ya kumaliza kilio watatuita, mahindi yakishavunwa.

Sasa usikie ya huku. Video ya Zefi imezunguka Hewa Bora yote. Alijaribu kuifuta, imeshafika kwa watu wasiomjua. Na wanaisifu. Huku hakuna anayejua wewe ulikuwa ukoo gani, kama vile mimi nilivyokuwa sijui. Mjini mtu akikuambia ni Mamba, ni Mamba. Wananisimamisha sokoni: "Mama Odila, uliweza! Njo utani hiyo!" Mama mmoja ameniomba nije kilioni kwa shemeji yake. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa napita. Juzi nikasimama, nikamwambia yule mama ukweli, neno kwa neno, mbele ya meza ya nyanya. Alicheka akidhani naendeleza utani. Nikamwambia tena. Akaacha kucheka, akachukua nyanya zake akaenda. Tangu siku hiyo namwambia kila anayenisifu. Wengine hawaniletei tena nguo, na ni haki yao.

Bel-Air hatujakaa tena. Saluma anapita hapa na chai yake, ananimiminia bila kuniuliza. Zefi amesema tutarudi Lukafu wote watatu na safari hii simu yake itabaki nyumbani.

Kwa hiyo sikia ninachokuahidi. Nitakuja na kitenge, kichwa kimefungwa. Nitasimama nje ya uwanja mpaka niitwe. Nitakunywa maji watakayonipa, na nitasema: naitwa Odila, mtu wa Samaki, dada yake Kabulo. Wakinikubalia, nitakaa ile nafasi. Wasiponikubalia, nitakaa chini pembeni yake. Na watu wa Mamba watakuja, hilo nalijua, maana fimbo ya Mama Mukubwa ilisema bado, haikusema hapana. Watavaa suruali fupi, watatembea kama mimi nilivyotembea, watanitukana mimi na mdomo wangu mpaka watoto wajikojolee kwa kucheka. Watakuwa na haki yote. Nami nitacheka, na nikiumia nitageuza nyama, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Lile neno ulilotaka kuniambia Lukafu, nimelisikia. Nimelisikia kwa mdomo wa mwingine kwa sababu nilikuwa na sare za shule. Nisamehe hilo kwanza, mengine baadaye.

Nimeandika mpaka jua limeingia barazani. Nimeondoa vitambaa vya watu kwenye kiti chako. Kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi moja tu, ya kwanza tangu turudi: nilitafuta kitambaa cha kijivu, nikakosa kinachofanana, nikachukua kilichokaribia, nikakiunga kwenye pindo za suruali yako. Mshono unaonekana, sikuuficha. Kiraka cha gotini pia kiko pale. Nitakuja nayo siku hiyo nimpe Mama Mukubwa aiweke na nguo zako.

Lala salama, ndugu yangu Kabulo. Suruali yako iko tayari, na sasa inafika kwenye kiatu.

Dada yako,
Odila